Wagonjwa wa Kila Dakika Sita

Mama yangu alifariki siku ya pili ya kazi ile ya kuandika saa. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nimejitetea nalo, na sitaki kujitetea nalo tena.

Mimi ni karani wa mapokezi katika zahanati moja ya Hai Malakal, hapa Juba. Nilisoma Kitale, wakati wa ukimbizi, mpaka kidato cha pili, na kitu pekee ambacho watu hunisifia ni mwandiko. Alipokuja dada mmoja kutoka Nairobi, mtaalamu wa kuigiza foleni kwenye kompyuta, mganga mkuu alinichagua mimi nimsaidie. Maabara yetu ya malaria ilikuwa na wapimaji wawili, bwana mmoja wa hapa na mama mmoja Mganda. Mkataba wa yule mama ulikuwa unakaribia kwisha. Mganga mkuu alitaka kompyuta imwambie kama ampe mwingine, au kama mpimaji mmoja anatosha. Hayo tuliambiwa wote, na yule mama akiwepo.

Dada wa Nairobi alinieleza kazi kwa upole. Alisema programu yake haitazami siku nzima dakika kwa dakika, inaruka kutoka tukio moja hadi jingine: mtu amefika, ameitwa, amemaliza, ameondoka. Ikishapewa saa za kweli, inaweza kuendesha siku mia kabla chai haijapoa, ikimwondoa mpimaji huyu na kumrudisha, bila mgonjwa hata mmoja kuumia. Yangu ilikuwa kukaa mlangoni siku sita na kuandika nyakati hizo nne za kila mgonjwa. Kisha akarudi Nairobi kusubiri karatasi zangu.

Siku ya kwanza niliandika vizuri. Saa mbili kasoro zilifika basi ndogo mbili kutoka Gudele, moja nyuma ya nyingine, na watu kumi na saba wakaingia kwa mkupuo. Halafu karibu saa nzima hakuna mtu. Halafu mvua, na ilipokatika wakaja wengine kundi zima. Karatasi yangu ilikuwa imejaa mishale na mafuto, saa zilizokatwa na kuandikwa upya.

Alfajiri yake mama akafa.

Msiba wetu, ambao hapa tunauita bika, ulikaa siku saba pale nyumbani Gudele, chini ya turubai. Ningeweza kutuma ujumbe kwamba sipo, waweke mtu mwingine. Sikutuma. Niliogopa huyo mwingine angeandika vizuri kuliko mimi, na sifa yangu moja ingeisha. Basi siku ya tatu nilikaa kwenye mkeka, daftari magotini, nikaanza kuwatunga wagonjwa.

Niliwaleta kila baada ya dakika sita. Idadi ya wagonjwa wa kila siku haikuwa ya uongo sana, kwa kuwa mapokezi nayajua. Kila kipimo nilikipa dakika tano, maana ndizo alizozitaja yule bwana wa maabara siku moja. Nilipomaliza siku tano za kubuni, ile siku ya kweli ilionekana chafu mbele ya wenzake. Nikaichana, nikaiandika upya, wagonjwa wamepangwa kila dakika sita.

Waombolezaji walidhani naandika majina yao, kama desturi ilivyo, ili tujue tutakayepaswa kumwendea naye akifikwa na msiba. Jirani mmoja mzee alinisimamia akasema, "Niandike na mimi, usije ukasema sikuja." Nikaitikia kwa kichwa, na mkono wangu ukaandika: saa tatu na dakika kumi na mbili. Mzee wa watu akawa mgonjwa wa malaria, akapimwa, akaenda zake.

Yule mama wa maabara alikuja kila jioni baada ya kazi, na chupa ya chai na mandazi yaliyofunikwa kitambaa. Aliosha vyombo pamoja na dada zangu. Jioni moja alinimiminia kikombe na kuwaambia waliokuwa wakiniita, "Muache huyu. Mtu ikiandika, roho inatulia." Chini ya kikombe hicho ndipo ilipokuwa karatasi ya siku ya nne.

Dada wa Nairobi aliporudi alitufungulia kompyuta mezani kwa mganga mkuu. Wagonjwa walikuwa vidoti vya bluu. Kidoti kiliingia, kikasogea mpaka maabara, kikatoka, kingine kikaingia. Alipoondoa mpimaji mmoja, hakuna kilichobadilika. Hakuna kidoti kilichosimama nyuma ya mwenzake. Aliitazama kwa muda, kisha akanigeukia akicheka.

"Mzee wangu, watu wa Juba wana adabu namna hii? Wanafika kama wamepewa zamu."

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa hapo. Ningepita.

"Watu wa hapa wana nidhamu," nikasema.

Mganga mkuu akacheka naye. Mwisho wa mwezi, yule mama hakupewa mkataba. Aliambiwa kompyuta imeona kazi inaweza kufanywa na mtu mmoja. Alikunja koti lake jeupe, akaniaga, akaniuliza kama dada zangu wameanza kula vizuri.

Foleni ilianza Jumatatu iliyofuata. Basi za Gudele zilishusha watu, nao wakajaa benchi, wakajaa veranda, wakaacha ndala zao kwenye mstari kushika nafasi na kwenda kukaa kivulini. Bwana wa maabara alikuwa akitoka saa kumi jioni, macho yakiwa mekundu. Miezi miwili nilipita kati ya ndala zile kila asubuhi.

Dada wa Nairobi alirudi kukagua. Alisimama veranda asubuhi nzima na saa yake, kisha akaomba zile karatasi nilizoandika kwa mkono. Alizifunua mara moja tu.

"Kalamu moja," alisema. "Siku sita, na hakuna futo hata moja."

Nikamwambia. Nilisema nilikuwa msibani, niliwatunga wote, na siku ya kweli niliichana.

"Pole kwa mama," akasema. Halafu, "Kwa nini dakika sita?"

"Nilitaka zipendeze."

Alinieleza bila ukali, na ukali ningeupenda zaidi. Foleni, alisema, haiji kwa sababu watu ni wengi tu; huja kwa sababu hawaji sawasawa, wanakuja kwa mkupuo, na huyu anapimwa dakika nne na yule kumi na tano. Mimi nilikuwa nimefuta kitu kile kile alichokuja kukitafuta. Akaniambia nianze upya, nami nikaandika siku kumi, na mafuto yake. Safari hii vidoti vilisongamana mpaka nje ya mlango, na mpimaji wa pili akaajiriwa, mtu mwingine, kwa kuwa yule mama alikuwa ameshaondoka kwenye kazi hizo. Kwa mganga mkuu dada alisema tu kwamba takwimu za kwanza zilikuwa na kasoro. Nami nilinyamaza tena.

Nilimpata yule mama Gudele, ana genge la nyanya na vitunguu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alikuwa akipanga nyanya mafungu, akaendelea kupanga.

"Mimi nilifikiri ni mkono yangu ndiyo iko polepole," alisema. "Ndiyo sababu sikuomba kazi kwa maabara ingine. Niliona haya."

Alimaliza fungu moja, akaanza jingine.

"Uliandika hayo pale kwa mkeka? Mimi nikikupa chai?"

"Ndiyo, mama."

Akamhudumia mteja, akamrudishia chenji, ndipo akanitazama. Alisema haniombi kitu kwa ajili ya kazi. Lakini wale wenzake walisikia kwamba yeye hahitajiki, basi nikawaambie kwa mdomo wangu, wakiwa wote pamoja.

Asubuhi ya Jumatatu, baada ya sala ya wafanyakazi, niliomba ruhusa ya mganga mkuu. Nilimpigia simu yule mama asikie mwenyewe, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka simu katikati ya meza. Nikasema yote, hata habari ya yule mzee jirani. Bwana wa maabara alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilipomaliza, kwenye simu zilisikika kelele za soko, mtu akiuliza bei ya vitunguu kwa Kiarabu cha Juba, naye akimjibu.

Kisha akasema, "Nimesikia," akakata.