Friji Lililomlilia Marehemu

Mume wangu alipofariki, aliyelia kuliko wote, kwa maneno ya shemeji yangu, lilikuwa friji.

Ni friji la dukani, lenye mlango wa kioo, ambalo marehemu alilitumia kuuzia maji na juisi ya ukwaju kwa abiria wa mabasi hapa Kibiti. Mimi nilikuwa edani, sitoki, duka limefungwa. Friji likaingizwa chumba cha mbele ili waliokuja kunipa pole wapate cha kupoza koo. Siku ya kuanua tanga shemeji, kaka yake marehemu, alitia humo hirizi ya kitambaa cheusi, wenye husuda wasiliguse. Tukasema amina, tukasahau.

Haukupita muda, maji yakaanza kutuama chini, ndani ya friji. Nayakausha kwa tambara asubuhi, adhuhuri yamerudi.

Shemeji akaja tena kutoka Utete kulitazama. Ni mtu ambaye jibu lake hufika kabla ya swali. Alipiga magoti, akachovya kidole, akakilamba, kisha akawatangazia wazee waliokaa mkekani barazani kwamba friji linamlilia mwenyewe. Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akaomba maji ya kunywa, ila ya chupa ya juu, isiyoloa machozi.

Nisiseme uongo, hata mimi niliamini kidogo. Niliyakausha yale maji polepole, kwa adabu.

Ndipo ikaja tafsiri. Friji linalolia, alisema shemeji, halikai kwa mwanamke. Linataka damu ya marehemu. Damu yenyewe ilikuwa yeye. Angelipeleka Utete Ijumaa, na alikuwa ameshaongea na mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Eda ikiisha ningefungua duka nimuuzie nani juisi ya moto?

Alhamisi nilitoa chupa zote. Nyuma ya mlango, msumarini, kulikuwa na waya wa ncha iliyopinda ambao marehemu alikuwa akichokonolea tundu dogo lililo nyuma ndani ya friji, ambamo maji ya barafu inayoyeyuka hupita kwenda kwenye trei chini ya mashine. Nilimwona mara nyingi, sikumuuliza hata siku moja. Niliingiza waya, ukagota kwenye kitu laini. Nikavuta. Ikatoka hirizi, imevimba kama andazi lililoangukia chai, na maji yote yakashuka yakigugumia.

Ijumaa kirikuu kikaja. Nilisimama nyuma ya pazia, nikatoa mkono tu, na hirizi juu ya kisosi.

“Shemeji, hiki ndicho kilichokuwa kinalia.”

Alikipokea kisosi, akaigeuza hirizi kwa kidole. Wazee walisogea, nao wakaitazama. Shemeji akasema hirizi haina kosa, kazi yake imefanya, friji halijaibwa.

“Ilibakia kidogo liibwe, mwanangu,” akasema yule mzee wa chupa ya juu. “Gari si lile mlangoni?”

Wengine wakapata kikohozi. Shemeji aliomba maji ya baridi, akanywa kwa kusimama, akapanda kirikuu kitupu, kisosi changu mkononi. Hajakirudisha mpaka leo.

Jioni nilishika tambara kwa mazoea, nikafungua friji. Palikuwa pakavu. Nikauchukua waya, nikautundika msumarini kwa upande ule ule aliokuwa akiutundika yeye.