Majina Tuliyobadilishana na Jirani

Siku ile bado ninayo na harufu yake, mwanangu. Mvua ilikuwa imetukuta njiani, nguo zimeloa, chaki imeshika unyevu haiandiki, na sisi wa darasa la tatu la sekonderi tumebanana kwenye mabenchi, watu watatu kwa kitabu kimoja. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa anatusomea riwaya. Kabla ya kuanza alikwenda akafunga dirisha, akachungulia nje, kisha akafunga na mlango. Nilidhani anaogopa baridi.

Huenda ni riwaya hiyohiyo mnayosoma ninyi mwaka huu, maana nasikia mwalimu wenu naye anawatajia mji mdogo, na watoto, na chuki ya watu wazima. Mimi namkumbuka mwoka mikate. Aliishi katika mji mdogo wa nchi ya mbali, na mji mzima ulikuwa haumwamini kwa sababu wazazi wake walitoka ng'ambo ya mto. Kisima kikaharibika, wakasema ni yeye. Mtoto mchanga akaugua, wakasema ni mkate wake. Na wanaosimulia ni watoto, ndiyo maana inauma, kwa kuwa mtoto anaona kila kitu ila hajui anachokiona.

Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo, wa kuota mchana macho wazi. Ndoto yangu ilikuwa kusoma habari kwenye redio. Nilisoma kwa sauti hata maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Basi mwalimu alipouliza, "Katika mji huu, mwenye kosa ni nani?" mkono wangu ukawa wa kwanza kupanda. Nikasema hakuna mwenye kosa, ni watu hawajaelezwa tu. Angetokea mmoja akawaelezea vizuri, taratibu, yule mwoka mikate angeishi nao mpaka uzee wake.

"Kaa, Ngalula," mwalimu akasema. "Hilo tutaliona mbele."

Hatukuliona, maana hapo mlango ulifunguliwa bila hodi.

Ngoja kwanza. Nakuandikia haya kwa sababu ya neno ulilosema jana mezani, ukitafuna, bila ubaya moyoni. Ulisema wale waliohamia jirani na sisi, wanaochimba madini kule Kasulo, ukitaka kujua ni watu wa namna gani, waulize majina tu. Niliendelea kukupakulia bukari, ugali wetu. Lakini neno lile halikushuka tumboni. Afadhali nikueleze kwa nini mimi, mama yako mkubwa, nina jina la Kasai wakati wazee wangu wote ni Walunda wa Kapanga.

Ilikuwa Mutoshi, kwenye kampi ya wafanyakazi wa mgodi. Mama alishikwa na uchungu siku ambayo mvua imekata barabara, na aliyenipokea mikononi ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Ngalula, mke wa fundi aliyetoka mkoa wa Kasai kufuata kazi ya mgodi. Nikapewa jina lake. Baadaye naye akapata msichana, na kwa kuturudishia heshima akampa jina la mama mzaa baba yangu, yaani nkambo yetu: Ruweji, jina ambalo mtu yeyote wa Katanga akilisikia anajua ni la Kilunda.

Na kwetu unajua mambo ya majina yalivyo. Anayebeba jina la mtu ndiye mtu huyo. Baba yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, alikuwa anamwita yule msichana mdogo "mama" na kumwachia kiti. Na wana wa Mama Ngalula, vijana warefu wenye sauti nzito, waliniita mimi mama, nikiwa sijaota meno yote, wakaniuliza leo nimewapikia nini. Kampi nzima ilicheka kwa hayo.

Kisha kazi ikaanza kufa. Mashine zikasimama, mposho, yaani ule unga na samaki wa kila juma, ukapungua mpaka ukapotea, na sisi tukahamia Kolwezi mjini, mtaa ambao hakuna aliyetujua. Hapo ndipo maneno yakaanza. Kwamba kazi imekufa kwa sababu ya watu wa Kasai. Kwamba warudi kwao. Wakawaita bilulu, wadudu. Kila salamu ikawa na swali ndani yake. Mwanamke aliyekuja kukuomba chumvi alitupa jicho kwanza nyuma ya bega lako, aone ndani amekaa nani.

Mama Ngalula na watu wake walifukuzwa Mutoshi wakaenda kukaa stesheni, pamoja na umati, kungojea treni ambayo ilikuwa haiji. Ruweji alikuwa na homa kali, asingeweza kulala kwenye saruji. Wakamleta kwetu kwa kificho, apone kwanza, mjomba wake atakuja kumchukua. Mtaani tukasema ni mtoto wa ndugu kutoka Musumba, kwetu Walunda. Nani angebisha, na jina lile? Baba alimwita mama mbele za watu, na hapo wala hakudanganya.

Sasa turudi darasani. Waliofungua mlango ni vijana wamejifunga vitambaa kichwani. Mkubwa wao alikuwa na sauti tamu, sauti ya mtu wa kwaya, na ndiyo iliyonitisha baadaye nilipoifikiria.

"Mwalimu, utusamehe. Kila mutu asimame, ataje jina yake. Batoto ba hapa, na bo hatuna mambo."

Mwalimu alisogea kando, kitabu mkononi. Tukaanza kutaja. Wengine walisema kwa nguvu mpaka nje, wengine wakameza nusu ya jina. Zamu yangu nikasema, kwa tabasamu langu lilelile la kila siku, "Ngalula."

"Ngalula wa wapi?"

"Wa hapa."

Wakacheka. "Bote banasemaka ni ba hapa. Kwenda kule ku ukuta."

"Lakini mi hapana..."

"Ku ukuta, mama wa Kasai."

Ukutani tulikuwa wachache. Msichana niliyesimama naye bega kwa bega alininong'oneza, "Hata wewe? Mi sikujuaka." Na nikaona amefurahi kidogo, maskini, kwamba hayuko peke yake.

"Bale ba ku ukuta," yule mkubwa akasema, "kesho hapana kurudia hapa. Kama kuko mwenye anaona tumekosea, muzazi wake akuye kesho, aelezee. Tutasikiliza. Sisi hatuko banyama."

Nilikwenda nyumbani karibu naimba, mwanangu, nakuapia. Jambo langu lilikuwa rahisi. Baba atakuja, atasema maneno mawili matatu, watacheka kama kampi ya Mutoshi ilivyocheka, nami nitarudi kwenye benchi langu. Walisema wenyewe watasikiliza.

Nkambo alikuwa amekaa uani anachambua sombe, yale majani ya muhogo, na Ruweji pembeni yake amejifunika kitenge, mwembamba, anachambua naye. Nikawasimulia yote. Nkambo hakuinua kichwa.

"Na baba yako atabaambia nini?"

"Kweli tu, nkambo. Kwamba mi ni mutoto wa hapa. Kwamba hii jina ni ya jirani."

"Jirani gani?"

"Mama Ngalula wa Mutoshi."

"Eko wapi sasa?"

"Eko ku stesheni na bwana yake, banangojea treni."

"Na batoto bake, beko nao bote?"

Mkono wa Ruweji ulikuwa umesimama juu ya majani.

"Endelea," nkambo akasema. "Unaelezea muzuri sana. Mi minasikia."

Nkambo ndipo akainua macho, na hayakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

"Mu ile kitabu unatusimuliaka," akasema, "bale majirani ba ule mupika mikate, bo balipona namna gani?"

Nilifikiri. "Kila mumoja alionyesha kwamba hana undugu naye."

"Ndiyo ile. Hakuna mwenye alimupiga, ni kuonyesha tu. Ukijitoa ku ukuta, mutoto wangu, angalia kwanza unamuweka nani pale."

Ruweji akasema kwa sauti ndogo, "Mi niende stesheni leo. Homa imepungua." Uongo mtupu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa.

Baba aliporudi kutoka kutafuta kibarua na kusikia habari, alivaa koti lake palepale, lile la kanisani. Alikuwa na hamu ya masomo yangu kuliko mimi. Hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kufika darasa lile. Nkambo akamuuliza yale aliyoniuliza mimi, kwa maneno yaleyale, swali kwa swali, na baba akawa anajibu akiwa amesimama, mpaka akafika pale nilipofika mimi. Akaniangalia, akamwangalia Ruweji aliyekuwa anajaribu kunyanyuka amuachie kiti.

"Kaa, mama," baba akamwambia. Akavua koti, akalitundika.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza shule. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nililia kwenye upande wa kitenge cha nkambo, nikalia tena kesho yake nilipowaona wenzangu wanapita barabarani na madaftari, na kuna saa nilimchukia Ruweji kwa kupona polepole. Mtaani walishaanza kunusa. Mama mmoja jirani alikuja na kikombe chake cha chumvi.

"Nkambo, ule mutoto wako hasomake tena?"

"Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Anaumwa kusoma."

Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno, lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa kwenye mlango wetu.

Mjomba wa Ruweji alikuja mchana mmoja pamoja na dereva, Mwislamu wa upande wa mashariki, mtu wa kusafirisha magunia ambaye aliwahi kukaa nao Mutoshi. Dereva akampandisha Ruweji mbele, karibu yake, akamtandikia shuka lake la kuswalia magotini asipate baridi, na kama kuna aliyewasimamisha njiani alimwambia ni mpwa wake. Ruweji alifika kwao, Kasai. Mama Ngalula hakufika. Treni ilipokuja mwishowe, alifia ndani ya behewa, njiani, na walimzika mahali ambapo hata wanawe leo hawawezi kupaonyesha. Wanawe hao sasa wana mvi. Wakinipigia simu bado wananiita mama, na bado wananiuliza leo nimepika nini, ila siku hizi tukimaliza kucheka huwa tunakaa kimya kidogo, kwa sababu hawana mama mwingine wa kumuuliza.

Mwalimu wangu sikumwona tena. Mambo yalipotulia darasa lile halikuwa na mwalimu wala dirisha. Nimemshuku miaka mingi. Alifunga mlango kwa kuwa aliwasikia wanakuja akataka kutuficha, au alitukusanya ndani wasihangaike kututafuta? Nimeligeuza swali hilo kila upande. Sijui, na sipendi mtu anayejifanya anajua.

Basi sikiliza nasaha yangu, mwanangu, na uniwie radhi kama imekuwa ndefu. Mtu akikuuliza jina lako kwa kupenda kukuita, mpe, mpe na la utani. Lakini akiuliza jina ili akupange upande, huyo mtilie shaka, hata akiwa na sauti nzuri, hata akiwa ndugu yako, hata akiwa ni wewe mwenyewe umekaa mezani unatafuna. Hiyo riwaya usiisome kama habari ya watu wajinga wa mbali. Ukifika pale wanapomwonea mtu, usiishie kumlilia. Tafuta katika ukurasa uleule ni nani ameachwa salama, na alisema nini ili aachwe. Na siku ukisingiziwa, maana kila mtu siku yake inamfikia, na ukweli wako uko tayari mdomoni, subiri kidogo. Uupitishe wote kichwani mpaka mwisho, jina kwa jina. Ukiona mwishoni pake kuna mtu amekaa uani amejifunika kitenge, umeze. Utauma, na hakuna atakayekupigia makofi. Mimi redio sikusoma. Naisikiliza tu, na huwa nawasahihisha wasomaji, unanisikiaga. Lakini naamka asubuhi na moyo mwepesi, na hilo nakutakia hata kuliko shule.

Kesho wapelekee wale jirani sombe. Usiwaulize kitu. Kaa nao tu.

Na Mungu akulinde uendako na urudipo. Akupe akili isiyokimbilia kujisafisha. Akupe watu wa kukuachia kiti ukiwa mgonjwa, na kila mlango utakaogonga katika nchi hii, ufunguliwe kabla hujaulizwa wewe ni wa nani.