Moshi wa Nyumba Namba Saba

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kutazama moshi. Usicheke. Baada ya vita, halmashauri ilijenga nyumba kumi na mbili pale Karagwe mjini, vyumba viwili na jiko, kwa ajili ya familia zisizo na pa kulala. Waombaji walikuwa wengi, na wengine wakishapewa ufunguo hawahamii, wanatafuta wapangaji. Basi mwenyekiti wa kamati, mtu wa Muleba aliyependa sheria kuliko chakula, akaamuru: nyumba isiyofuka moshi asubuhi tatu mfululizo, apewe anayefuata. Mimi karani ndiye nilizunguka na daftari kila kukicha.

Namba saba alipewa mjane mmoja. Mumewe alikwenda vitani, hakurudi wala hakuletwa. Aliyemfuata kwenye orodha alikuwa dada yangu mkubwa, aliyelala na watoto watano katika chumba kimoja kule Nyakatuntu. Mvua ikinyesha, walisimama wima ukutani mpaka ikatike.

Siku aliyokabidhiwa ufunguo, mjane alitundika koti kuukuu la mumewe jikoni, na kabla hajaleta hata sufuria akapata habari kwamba mama yake amefariki Bugomora. Alipita ofisini akilia.

"Mwanangu, mwambie mwenyekiti anisubiri. Mwenye msiba hawashi moto kwenye nyumba mpya mpaka matanga yaanuliwe."

Kwetu kila mtu analijua hilo. Nikamwambia, "Nenda mama, nitamwambia." Sikumwambia. Damu nzito kuliko maji, na roho yangu ilikuwa Nyakatuntu.

Asubuhi ya kwanza nilipofika namba saba, moshi ulikuwa unatoka chini ya bati, mweupe, taratibu, kama wa mtu anayechemsha maji ya kunawa. Kufuli lilikuwa mlangoni. Nikasema ni ukungu, Karagwe haina uhaba wa ukungu. Asubuhi ya pili nilisogea dirishani nikasikia kuni zikilia. Mawe, mama yangu wee! Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Asubuhi ya tatu nilisimama mbali, nikautazama moshi ule ukipanda, nikafungua daftari nikaandika kama nilivyoandika siku mbili zilizopita: hakuna moshi.

Mwenyekiti alivunja kufuli mwenyewe. Nilimtangulia kuingia jikoni. Katikati ya mafiga palikuwa na majivu, na nilipoyagusa kwa mguu yalikuwa ya moto. Nikayafukia haraka kwa udongo. Mwenyekiti akachungulia, akasema, "Safi. Mwite dada yako."

Dada alihamia akiimba nyimbo za kanisani. Watoto walikimbia kutoka chumba hiki kwenda kile, wakifunga mlango na kuufungua, maana hawakuwahi kuwa na mlango wa ndani. Siku ya pili dada akaniambia, "Mdogo wangu, hii nyumba ina baraka, napika macho hayaniumi!" Nikaenda kuona. Koti lilikuwa bado limetundikwa pale pale. Kuni zilikuwa mbichi, za mkaratusi, zinatoa maji kwenye ncha, na zinawaka. Ndizi zinaiva. Moshi hakuna, hata kidogo. Wahenga wanasema pafukapo moshi pana moto. Hawakutuachia neno la moto usiofuka.

Juma likapita. Dada akaacha kuimba. Watoto wakagoma kwenda jikoni, wakisema kuna baba anayekohoa mle. Dada aliwachapa, lakini na yeye nilimwona akipikia nje, kwenye jua, mgongo ameuelekeza ukutani.

Mjane alirudi matanga yalipoanuliwa, ufunguo mkononi, akakuta mlango una kufuli jipya. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya furushi lake, akaitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Moshi haukuonekana?"

Nikalificha daftari nyuma ya mgongo.

"Nilimwachia yeye," alisema. "Alikuwa na kawaida ya kuniwashia moto alfajiri, wanaume wenzake wakimcheka. Nililitundika koti lake nikamwambia, baba watoto, mimi nimefungwa na msiba, tafadhali tunza moto wetu. Hajawahi kunikatalia. Labda kweli amekufa."

Hapo ndipo aliponiumiza. Alikuwa amevumilia vita na msiba, na sasa mimi, kwa mstari mmoja wa kalamu, ndiye niliyekuwa namwambia mumewe hayupo popote. Nikalia kwa sauti, barabarani, mtu mzima na daftari langu la serikali. Nikamwambia yote. Nikaenda nikamwambia na mwenyekiti, akamrudishia mjane nyumba, akaninyang'anya daftari na kazi siku hiyohiyo, na hilo sikulilalamikia.

Kilichonishinda kuvumilia ni kumbebea dada godoro. Tulitoka mlangoni yeye mbele na kitanda cha kamba, mimi nyuma, watoto wakigeuka kuitazama nyumba. Mjane alikuwa bado nje, hajafungua hata furushi. Jikoni hapakuwa na mtu. Tulipofika njia panda mtoto mdogo akasema, "Mama, ona." Moshi ulikuwa unatoka chini ya bati, mweupe, taratibu.

Dada hakugeuka. Aliniuliza tu, "Uliuona, siku zile?"

"Niliuona."

Akahamisha kitanda bega la pili. "Ungeandika ulichokiona," akasema, "wanangu wasingejua mlango wa ndani ukoje."