Kadi ya maji iko kwenye pochi ya mume, mume yuko Mbarara: yaliyotukuta Nakivale

Wakuu, heshima zenu.

Haya niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyabeba kichwani. Chekeni mkitaka, ila chumvi sijaongeza.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa wakimbizi wa Kivu ya Kusini, nimekulia kambi ya Nakivale, hapa Uganda. Nikajisomesha Mbarara kwa kutengeneza simu, nikatoka na diploma ya biashara. Nilipanga mtaa wa Kamukuzi, kule juu kwenye upepo wa wakubwa. Sasa nimerudi nyumbani, na viatu vyangu vinang'aa kuliko kioo cha kinyozi.

Nilikuta bomba letu limekabidhiwa kampuni binafsi. Zamani lilisimamiwa na kamati ya akina mama, na likiharibika linakaa hivyo hivyo. Sasa ni kadi: unagusisha, maji yanatoka.

Nikawahutubia majirani kuhusu faida za soko huria. Walinisikiliza kwa adabu, bidon, yaani madumu ya maji, tupu mikononi.

Shida ni moja. Kadi zilitolewa kwa jina la mkuu wa familia, yaani baba. Anayechota ni mama.

Dada yangu, Mama Ushindi, anauza chai. Mumewe hufuata bidhaa Mbarara, na kadi huiweka kwenye pochi karibu na kitambulisho, kama cheo. Akilala huko, kadi nayo imelala huko.

Majirani walimwazima dada zao mpaka wakachoka. Basi binti wa dada, Ushindi, akawa anatumwa ziwani asubuhi badala ya shule. Mwalimu alishaonya: akiendelea kukosa, mtihani wa mwisho hatafanya.

Dada akaniuliza mbele ya wateja: "Ndugu yangu wa diplome, ile karatasi yako ukiigusisha ku robine, maji inatoka?"

Kuna mzee chai ilimpalia.

Sasa, kwetu bidon ikiwa kwenye foleni, ni kama mwenyewe kasimama. Hairukwi. Asubuhi moja tukakuta foleni ndefu ya bidon za njano, mwanamke hakuna. Wote walikuwa kwa dada, wanasukana nywele.

Shemeji akashuka kwenye lori, vumbi tupu. "Mama Ushindi, maji ya kuoga?"

"Iko ku robine, Papa Ushindi. Kadi iko mu mufuko yako. Bidon nayo inakungoja kule."

Wanaume tukapanga mstari. Shemeji alimwaga nusu njiani. Mimi nilibeba kwa staili, ingawa akina mama walipiga kelele: "Chunga viatu, patron wa Kamukuzi!"

Juma halijaisha, wanaume wenyewe wakanituma kwa wakala wa kampuni, niombe majina ya wake zao yaongezwe kwenye kadi. Akasema sistimu inakubali jina moja tu kwa kila nyumba.

Nikamjibu: "Basi liwe la anayechota."

Hiyo, wakuu, ni diploma inazungumza. (Dada anadai maneno yalikuwa yake. Tuyaache.)

Leo kadi inaning'inia shingoni mwa dada pamoja na ufunguo wa kibanda. Ushindi yuko darasani. Shemeji akitaka kuoga, anaomba vizuri.

Nilichojifunza: sina ugomvi na kampuni, maji ni safi. Lakini huduma ya umma ikiingia sokoni, haitoshi kuuliza kama bomba linatoa. Uliza nani ameshika kadi, maana haki ya mama na mtoto inaweza kusafiri kwenye pochi ya mtu mwingine.

Kwenu je, kadi iko kwa jina la nani? Changieni.

Wanaume, kabla hamjajibu, kagueni pochi zenu kwanza.