Brashi na Jina Jipya la Mji wa Ng'ambo

Mtaani kwetu tulimwita Brashi. Alichora vibao vya saluni, maduka ya dawa na gereji, na tulimtania kwamba anaweza kuandika mstari ulionyooka ubavuni mwa mbuzi anayekimbia. Hakukanusha.

Jeshi letu lilipovuka mpaka na kuuchukua mji wa ng'ambo, wakubwa waliamua upewe jina jipya. Brashi akaitwa na rangi zake. Alifurahi, tusimsingizie. Alivaa shati la harusini, akapanda lori la jeshi huku akitupungia mkono kama mbunge.

Njiani alimuuliza kapteni, "Afande, mji wenyewe tunautakia nini hasa?"

"Kuna reli pale. Na tusipouchukua sisi, watauchukua wengine."

"Wengine gani?"

"Wengine," kapteni alisema, akageukia dirishani.

Brashi aliliona jibu la akili kabisa.

Kesho yake alikuwa juu ya ngazi pale stesheni, anafuta jina la zamani kwa rangi nyeupe, aliposikia sauti ya mwanamke chini yake.

"Wewe si mtoto wa dada?"

Alikuwa mama yake mdogo, aliyeolewa ng'ambo zamani na kuishi kwa cherehani nyumba ya pili kutoka stesheni. Brashi hakuwa amemsahau. Hakutaka tu kumfikiria.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hawa wanakulisha kweli?"

Hakuuliza anaandika nini. Alilitazama jina lililobaki nusu, akaitazama ngazi iliyokuwa ikiyumba juu ya kokoto, akaishika kwa mikono miwili.

"Malizia. Usije ukaanguka ukaniletea msiba mwingine."

Askari wakacheka. Brashi akamaliza kufuta, akaanza kuandika jina jipya, lakini kila mara aliangalia chini kwa mama mdogo, na herufi ya mwisho ikatoka imepinda. Kapteni akamwamuru airudie. Akairudia, mama mdogo akiwa bado ameshika ngazi.

Baadaye mama mdogo alimkaribisha chai nyumbani kwake. Koti la baba mdogo lilikuwa limetundikwa mlangoni. Mwenyewe alichukuliwa siku jeshi lilipoingia, na hakuna aliyejua alipo. Brashi alitaka kusema, "Mimi sikumchukua." Ilikuwa kweli, lakini aliona haya hata kuifungulia mdomo.

Aliporudi nyumbani tulimpokea kama shujaa. Mke wake aliwasimulia majirani wote. Brashi kila aliposifiwa alisingizia tumbo, akatoka nje.

Miaka ikapita, jeshi likaondoka ng'ambo kimyakimya, kama mtu aliyekosea nyumba. Watu wa kule wakarudisha jina lao. Brashi akapanda basi, akavuka.

Mama mdogo alimkumbatia, akaulizia watoto mmoja mmoja. Baba mdogo hakuwa amerudi. Brashi alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini kila alipoyakaribia, mama mdogo alikuwa tayari yuko kwenye habari nyingine. Mwishowe akaona kibao cha ushonaji juu ya mlango kimepauka.

"Mama, nikuandikie kipya? Bure."

"Acha tu, mwanangu. Tuna fundi wetu."

Alisema bila hasira, akamwongezea chai. Brashi hakuwa na pa kuuweka uso. Alikunywa hadi mwisho, kikombe cha moto kikimuunguza vidole, akaaga kabla basi halijafika, akaenda kulisubiri juani.