Siku Niliyomkumbatia Mama Mkwe kwa Kuogopa Maiti wa Kwenye Video

Haya, chekeni mapema tuelewane, maana hii ni aibu tupu na sina pa kuificha: mimi, karani wa serikali mwenye tai, niliwahi kumrukia mama mkwe mtarajiwa mbele ya umati, mchana kweupe, kule Nzuguni, Dodoma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, madukani vitu vimeanza kujaa, na Mzee Chilewa, baba wa mchumba wangu Eliza, akawa wa kwanza mtaani kwao kuwa na televisheni na deki ya video. Mzee alikuwa tabibu mstaafu. Akaniambia Jumapili baada ya ibada nije na kanda, na mimi kwa kutaka sifa (kosa lenyewe ndilo hilo, dogo tu) nikaazima mjini kanda ambayo kasha lake lina picha ya daktari kavaa koti jeupe, kazungukwa na machupa, nikasema hapa nimempata mzee, filamu ya kitabibu! Tena ya zamani, nyeusi na nyeupe, nikajua ni ya heshima. Inahusu nini, sikuuliza.

Nilipofika sebule imefurika, mapazia yamefungwa, wengine wanasukumana mlangoni. Mama Eliza alikuwa mkekani, mbali nami kama desturi inavyotaka, maana kwao mtu na mkwewe hawagusani, hata mkono hawapeani.

"Kijana wangu," mzee akasema, "wewe Kiingereza unakijua. Hebu tutafsirie."

Badala ya kusema ukweli nikasimama, nikakohoa. Wale Wazungu walikuwa wanaongelea puani, ninachoambulia ni "dokta" na "yesi" tu! Wakatokea wawili wanachimba.

"Wanachimba kisima," nikatangaza.

Watu wakaitikia "Eeh!" kwa furaha (shida ya maji Dodoma nani haijui?). Mara likatoka jeneza.

"Hilo ni sanduku la mabomba."

Mzee akanigeukia. "Mabomba yana msalaba?"

"Wale ni watu wa dini sana, baba."

Basi yule daktari akamlaza maiti kwenye beseni kubwa la kioo, akamfunga nyaya, akawa anacheka peke yake kama kichaa, na mimi jasho linanitoka natangaza kwamba anafurahi mgonjwa anapata nafuu, na ghafla maiti akafumbua macho, akatutazama sisi, sisi hasa, akaketi!

Jamani, kuruka sikumbuki. Nakumbuka mikono yangu imezunguka shingo ya mtu, nimefumba macho, napiga ukunga "Mama nakufa!" na sauti ya upole inanijibu, "Mwanangu, niachie. Mimi ni mkweo."

Nikajitupa nyuma, mguu ukanasa kwenye waya, televisheni ikaanza kuja chini, mzee akaruka kama kijana wa miaka ishirini akaidaka, na wale wa mlangoni wakatoka mbio wakipiga kelele, "Maiti kaamka kwa Mzee Chilewa!" Habari ilipofika nyumba ya tatu, ikawa Mzee Chilewa ndiye maiti. Sijanyanyuka vizuri sakafuni, wanawake hao wanaingia, mikono kichwani, wanalia kwa sauti, mchungaji nyuma yao, wakamkuta marehemu amesimama kakumbatia televisheni.

"Kafa nani?" mzee akauliza.

Kesho yake wazee waliniita. Nikaamriwa kuleta mbuzi wa kuondoa mwiko, nikaleta, hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mzee kuniuliza mbele ya wote, "Hivi ulikuwa unaelewa?"

"Sikuelewa hata neno, baba."

Akatikisa kichwa. "Si ungesema tu. Tungetazama wote bila kuelewa, na raha yetu ingekuwa palepale."

Eliza nilimuoa, nashukuru Mungu, ingawa siku ya harusi mama yake alificha uso kwenye kanga kila nilipopita, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Lakini kutafsiri, nimekoma! Hata leo kanisani wakija wageni wa kutoka nje na mchungaji akaanza kuangaza macho kutafuta mkalimani, mimi nainama nafunga kamba za viatu, na nikiwa nimevaa ndala, nafunga hivyohivyo.