Baiskeli za Waumini kwa Ojulong Asiyeamini

Matayo Ojulong alibatizwa jina la mtume, na urafiki wake na kanisa ukaishia hapo. Mguu wake wa kushoto ni mfupi, jembe likamkataa, basi akafungua kibanda cha kulinda baiskeli kando ya soko la Busia. Watu wa Lumino, wachuuzi wa samaki wa Majanji, hata Wakenya wanaovuka mpaka kila asubuhi, wote humwachia yeye. Hatoi tiketi, haandiki namba. Anazijua baiskeli kama mchungaji anavyojua mbuzi wake: "Hii ya Anyango, kengele imekufa. Hii ya Alungat, tandiko limevaa gunia." Ukifika jioni, ameshaichomoa yako kabla hujafungua mdomo.

Katika kungoja wenye baiskeli aliisoma Biblia mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Mara ya pili akaifunga, akasema Mungu hayupo. Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayekuambia tairi lako halina upepo.

Maneno yakamfikia Mwalimu Elphas, mwinjilisti wa Lumino, mwenye sauti ya kuamsha kuku aliyekwisha chinjwa. Akatangaza kanisani: Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mwaka huo wa sitini na nne, yeye na Ojulong wajadiliane hadharani. Akishinda Mwalimu, baiskeli za Wakristo wote zihamie uwanja wa kanisa. Sasa Wakristo ndio Busia yenyewe. Ungewaondoa, Ojulong angebaki kulinda baiskeli yake tu, na baiskeli hana.

Tukajaa mbele ya ghala la pamba, mkabala na kibanda. Mama Felistus, muuza samaki, aliwekwa mwamuzi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kwa kelele. Akapewa sufuria na mwiko, agonge muda ukiisha.

"Ndugu zangu!" Mwalimu akaanza. "Mtu asiyemwogopa Mungu, nini kitamzuia kuiba? Askari? Askari analala! Jirani? Jirani anasafiri! Mtu huyu usimwachie hata sindano!"

"Amina!"

Ojulong akainuka polepole. "Mwalimu, mimi nauliza tu. Leo umekuja na nini?"

"Na baiskeli."

"Iko wapi?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Nimekuachia wewe."

Tuligeuka kuangalia kibandani. Baiskeli za mkutano mzima zilikuwa zimepangwa pale, na mlinzi ndiye huyu hapa anayehojiwa. Watu walicheka mpaka Mama Felistus akagonga sufuria bila muda kuisha, kwa furaha tu.

Lakini Mwalimu si mjinga. "Sawa, wewe mwaminifu. Uaminifu uliutoa wapi?"

"Kwa mama. Alinichapa kwa kuiba yai moja la jirani."

"Na marehemu Aidah, mama yako, nani alimfundisha Usiibe?"

Ojulong akakuna kichwa. "Wewe, Mwalimu. Darasa la ubatizo."

Amina ikapigwa, wengine wakaanza kucheza. Ojulong akangoja vumbi litulie. "Kwani kabla hujafika, mama alikuwa mwizi?"

"Hata! Aidah alikuwa mtu mwema tangu..." Mwalimu akauma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sufuria ikalia. "Basi, nyie wanaume!" Mama Felistus akasema. "Samaki wangu wanaanza kunuka. Habari za Mungu, Mungu atajisemea. Habari za baiskeli, kila mtu Jumatatu ataamua na miguu yake."

Siku hiyo Ojulong aligawa baiskeli bila utani wowote. Jumapili hakuna aliyemwona.

Jumatatu alfajiri akakuta mtu anamngoja kibandani: Mwalimu Elphas na baiskeli yake, safari hii na mnyororo na kufuli kubwa kama kiazi. Nyuma yake foleni ya waumini na baiskeli zao.

"Mwalimu," Ojulong akasema, "kufuli la nini? Mungu haoni?"

"Mungu anaona, na wewe nakuamini." Akainama sikioni. "Kufuli ni la washirika wangu wa kanisani."

Akafunga, akamwachia Ojulong ufunguo.